Sumaku nne, kabari moja na viini saba vya bati

Shikamooni walimu wangu, na nyinyi wadogo zangu mambo vipi. Waandaaji wameniomba niongee kuhusu viini adimu vya atomu, vile ambavyo huwezi kuvikuta popote duniani hata uchimbe mpaka uchoke, na mi nimekubali ila leo sitaongea sana kuhusu viini vyenyewe, nitaongea kuhusu sumaku. Nimeona mara nyingi habari inaandikwa kwamba kiini kipya kimepatikana alafu hakuna hata sentensi moja inayoeleza kilichambuliwaje kutoka kwenye ule mchanganyiko wote, na kwangu mimi hapo ndo penye kazi yenyewe, hapo ndo watu wamekesha miaka.

Twende na mfano mmoja tuushike mpaka mwisho. Mwaka 1994 kule Darmstadt, Ujerumani, kwenye maabara ya GSI, wanafizikia walichukua viini vya zenoni-124 (hiyo namba ni jumla ya protoni na nyutroni), wakavikimbiza kwenye sinkrotroni, ile mashine ya duara ya kuongeza mwendo, mpaka karibu asilimia 89 ya mwendo wa mwanga, wakavielekeza kwenye kipande cha berili. Wakafanya hivyo siku kadhaa usiku na mchana, matrilioni ya viini vya zenoni vikapita pale, na mwisho wake wakahesabu viini saba vya bati-100. Saba, hamjasikia vibaya. Mwaka uleule Wafaransa kwenye maabara ya GANIL, mjini Caen, nao wakavipata kwa mashine yao, vichache vilevile.

Kwa nini watu wahangaike hivyo kwa bati? Bati ya kawaida, hii inayotumika kuchomelea nyaya za redio, ina isotopu, yaani aina zinazopishana idadi ya nyutroni, kumi ambazo ni imara, kuanzia 112 mpaka 124, na hakuna elementi nyingine yenye nyingi kiasi hicho. Bati-100 imepungukiwa nyutroni 12 ukilinganisha na ile nyepesi kuliko zote za kawaida. Inabaki na protoni 50 na nyutroni 50, na hiyo 50 ni mojawapo ya namba tunazoziita za kimaajabu, yaani ganda limejaa pomoni, na hapa yamejaa yote mawili kwa mpigo. Nadharia yoyote ya muundo wa kiini ukitaka kujua kama inasimama au inayumba, ipeleke hapo. Na kiini chenyewe nusuuhai wake, yaani muda ambao nusu ya viini vinakuwa vimeoza, ni sekunde moja na kidogo, kwa hiyo huwezi kukiweka kwenye kichupa ukakipeleka maabara ya pili, ukikikosa umekikosa.

Sasa tazameni kinachotokea pale kwenye berili. Zenoni ikiparuza kiini cha berili inamegeka, inapoteza protoni na nyutroni bila mpangilio wowote, kwa hiyo upande wa pili zinatoka aina mamia za viini vimechanganyikana, na humohumo ipo zenoni yenyewe ambayo sehemu kubwa imepita bila kugusa kitu. Ila kuna jambo moja zuri sana, vipande vyote vinaendelea mbele kwa mwendo karibu uleule wa zenoni iliyovizaa, havirushwi huku na huku kama vioo vya gilasi. Wamarekani kule Berkeley ndo waliolionyesha hili vizuri miaka ya 1970, na njia nzima ya kutenganisha viini vikiwa bado vinakimbia imesimama juu yake.

Mliofika kidato cha sita hii mnaijua. Nguvu ya sumaku kwa kitu chenye chaji ni qvB, nguvu ya kukizungusha ni mv² gawanya kwa r, ziweke sawa utapata B mara r ni sawasawa na momenta gawanya kwa chaji. Hicho ndo sisi tunakiandika Bρ, tunatamka bii-ro, ni kipimo cha ubishi wa ayoni, yaani atomu iliyovuliwa elektroni, kupindwa na kizio chake ni tesla-mita. Yenye Bρ kubwa ni ngumu kuikunja, yenye ndogo inakunjika upesi. Hebu tupige hesabu ya bati-100 yenye nishati ya MeV 1000 (MeV ni kizio cha nishati) kwa kila nukleoni, yaani kila protoni au nyutroni, ikiwa imevuliwa elektroni zote 50, na momenta utumie ile ya Einstein, ukitumia ya kawaida unapotea kabisa kwenye mwendo huu. Jibu ni tesla-mita 11.29. Sumaku za pale Darmstadt zimejengwa ziwe na mpindo wa nusukipenyo mita 11.25. Gawanya moja kwa nyingine, unahitaji uga wa tesla 1 na chembe tu. Yaani yule fundi anayekaa chumba cha udereva akizungusha namba mpaka isome pale, bati-100 inapita katikati ya bomba na nyingine nyingi zinagonga kuta. Mi kila nikiifanya hii hesabu naona raha, manake fomula ni ya darasani na mashine ni ya kweli.

Mashine yenyewe inaitwa FRS, ilianza kazi mwaka 1990, na kati ya walioibuni na kuipa uhai ni Hans Geissel na Gottfried Münzenberg. Ina urefu wa mita 70 na ushee, ina sumaku nne kubwa za kupinda, kila moja inapinda nyuzi 30, na katikati ya hizo kuna msururu wa sumaku nyingine ndogondogo ambazo wageni wakitembezwa pale wanazipita bila kuuliza. Bati-100 inaikata safari nzima kwa muda usiofika theluthi ya mikrosekunde. Kwa hiyo hata kiini kinachoishi sehemu moja ya milioni ya sekunde kinafika mwisho kikiwa hai, na hiyo ndo faida kubwa ya kutenganisha hukohuko njiani badala ya kusimamisha kitu kwanza uje kukivuta taratibu.

Hizo sumaku ndogondogo sasa ndo optiki. Sumaku ya kupinda peke yake haitoshi kwa sababu vipande havitoki kwenye berili vikiwa vimenyooka, vinatoka vimetawanyika kidogo kwa pembe, na ukiviacha hivyo mita 70 mbele vyote vimeshapotelea kwenye kuta za bomba. Kwa hiyo unahitaji lenzi, na lenzi ya ayoni ni sumaku ya ncha nne, kwadrupoli. Ina tabia moja ya kukera, ikikusanya mwale kushoto-kulia inautawanya juu-chini, huwezi kupata vyote kwa sumaku moja. Dawa yake ni kuzipanga mbili au tatu kwa kupokezana, hii inakusanya huku ile inakusanya kule, ukipanga umbali na nguvu vizuri jumla yake inakusanya pande zote.

Na namna ya kuipanga ni matriksi, zilezile za shuleni. Kila ayoni unaiandika kwa namba chache, imeanzia wapi kushoto-kulia, imetoka na pembe gani, na Bρ yake imezidi au imepungua asilimia ngapi kutoka ile uliyoilenga. Kila sumaku ni matriksi moja, nafasi tupu kati ya sumaku nayo ni matriksi, unazizidisha zote kwa mpangilio, na unachopata mwishoni kinakwambia ayoni itatua wapi. Karl Brown wa SLAC kule California ndo aliyeufanya utaratibu huu uwe kitu cha kompyuta miaka ya 1960, na mpaka leo watu wa fani hii wanaongea lugha yake.

Naomba tukae hapa kidogo. Mahali ayoni inapotua ni jumla ya vitu vitatu. Cha kwanza ni pale ilipoanzia ukizidisha na ukuzaji, kama picha kwenye projekta. Cha pili ni pembe iliyotoka nayo mara namba fulani. Cha tatu ni tofauti ya Bρ mara mtawanyiko. Hicho cha pili ni adui, kwa sababu pembe ni ya bahati nasibu, haina habari yoyote unayoitaka, inakuchafulia picha tu. Kwa hiyo unazichezea kwadrupoli mpaka ile namba ya katikati iwe sifuri, na ikishakuwa sifuri maana yake ayoni zote zilizoanzia sehemu moja zinatua sehemu moja hata kama zilitoka na pembe tofauti. Hiyo ndo fokasi. Kinachobaki ni cha tatu, na kwenye FRS pale katikati ya mashine mtawanyiko ni zaidi ya sentimita 6 kwa kila asilimia moja ya Bρ. Sentimita sita unaziona kwa macho! Ukiifanya doa la mwale kwenye berili liwe milimita chache tu, unaweza kutofautisha Bρ zinazopishana kwa moja kwenye 1500 hivi. Ndo maana watu wanagombania ukubwa wa doa kuliko kitu chochote, doa likivimba uwezo wote wa kutenganisha umeondoka hata uwe na sumaku nzuri kiasi gani.

Haya, tumefika katikati ya mashine. Tumeshapata bati-100? Bado kabisa, na hapa ndo watu wengi huwa wanashangaa.

Kumbukeni mwendo ni karibu mmoja kwa vipande vyote, kwa hiyo Bρ inategemea uzito gawanya kwa chaji. Kwa bati-100 ni 100 gawanya kwa 50, yaani 2. Lakini indi-98 ni 98 gawanya kwa 49, ambayo pia ni 2. Kadimi-96 nayo ni 2. Fedha-94 ni 2. Kila kiini chenye protoni sawa na nyutroni kinapita palepale, na hivyo vingine vinazaliwa kwa wingi kuliko bati-100. Ni kama kupepeta mchele kwenye ungo, makapi yanapeperuka lakini kokoto linabaki na mchele, unahitaji mkono wa namna nyingine.

Mkono huo ni kabari. Kipande cha alumini chenye umbo la kabari, upande mmoja mnene upande mwingine mwembamba, kinawekwa palepale katikati ambapo ayoni zimetawanyika kwa Bρ. Ayoni ikipita ndani ya alumini inapoteza nishati, na kiasi inachopoteza kinategemea chaji yake kipeo cha pili. Bati ni 50 mara 50, yaani 2500. Indi ni 49 mara 49, yaani 2401. Tofauti ni kama asilimia 4, inaonekana ndogo, lakini hebu tuifuatilie. Tuseme alumini imekula MeV 300 kwa kila nukleoni kutoka kwenye bati, imebaki na 700. Indi ina nukleoni 98 za kugawana hasara badala ya 100, kwa hiyo kwa kila nukleoni tofauti inabaki kama asilimia 2, itakuwa imeliwa kama 294, imebaki na 706. Hiyo MeV 6 ukiigeuza kuwa Bρ ni zaidi kidogo ya nusu asilimia, na nusu asilimia kwenye nusu ya pili ya mashine ni sentimita tatu nne. Weka vizuizi viwili vya chuma na uwazi mwembamba katikati, bati inapita, indi inagonga chuma. Nusu ya kwanza imechagua uzito kwa chaji, kabari imechagua chaji, vikikutana unabaki na kiini kimoja na majirani wachache sana.

Lakini kwa nini iwe kabari, kwa nini tusiweke bamba tu la unene mmoja? Hapa naombeni umakini maana kwangu hii ndo sehemu nzuri kuliko zote kwenye optiki hii. Nusu ya pili ya mashine imepangwa ili mtawanyiko wake ufute ule wa nusu ya kwanza, ayoni za aina moja zenye momenta tofautitofauti zilizokuwa zimetandazwa katikati zirudi zikusanyike doa moja mwishoni. Ukiweka bamba la unene mmoja, ayoni za polepole zinapoteza nishati nyingi kuliko za haraka, ndivyo maada ilivyo, kwa hiyo tofauti kati yao inaongezeka, na nusu ya pili inashindwa kuzikusanya kwa sababu haikupangiwa tofauti hiyo. Sasa zile za haraka zimetua upande mmoja na za polepole upande mwingine, si ndio? Basi weka unene mkubwa upande wa haraka. Ukiichagua pembe ya kabari sawasawa, kila ayoni inabaki na asilimia yake ileile ya tofauti kama mwanzo, na mwisho wa mashine doa linarudi kuwa dogo. Kule FRS wameifanya kabari iwe diski zinazozungushwa moja juu ya nyingine, ukizizungusha pembe inabadilika bila kufungua bomba, na unene nao unarekebishwa kivyake kwa jozi nyingine ya kabari. Ufundi wa namna hii hausemwi kwenye vyombo vya habari, na mi nasema bila huu bati-100 isingeonekana.

Kabari haiji bure lakini. Ndani ya alumini kuna viini vinavyogonga na kufa hapohapo, vingine nishati yao inayumba kidogo kwa bahati tu na doa linanenepa, na hakuna lenzi inayoweza kurudisha hicho kilichonenepa. Na ndo sababu mojawapo ya kutaka nishati kubwa toka mwanzo. Kwa nishati ndogo viini vizito vinang'ang'ania elektroni moja mbili tatu, chaji inakuwa haieleweki, na hesabu yote niliyowaonyesha inavurugika. Kwa MeV 1000 bati iko uchi, chaji ni 50 na mjadala umeisha.

Kuna swali ambalo lazima mjiulize, wanafizikia walijuaje vile viini saba ni bati-100 na si kitu kingine kilichopenya? Hapo zinaingia ditekta. Tuwachukue wawili wanaofanana vibaya, bati-100 ya MeV 1000 kwa nukleoni ina Bρ 11.29, na nikeli-78 ikiwa na MeV 600 kwa nukleoni ina Bρ 11.30. Kwenye sumaku hao wanapishana milimita chache tu. Weka sasa saa mbili zilizoachana mita 36, yaani sintileta mbili, ditekta zinazotoa mwanga ayoni ikipita, bati inatumia nanosekunde 137 na nikeli 151, na nanosekunde 14 kwa ditekta hizi ni muda mrefu. Ongeza chemba ya gesi inayohesabu elektroni ambazo ayoni imezing'oa njiani, inakupa chaji. Ongeza ditekta za kusoma ayoni imepita sehemu gani, zinakupa Bρ ya ayoni hiyo mojamoja. Bρ, muda na chaji, ukiviunganisha unapata uzito, na kila ayoni unaichora nukta moja kwenye karatasi. Zile nukta saba zilikaa peke yao kwenye eneo lao, na hakuna aliyeweza kuzipinga.

Mashine ileile baadaye ikaboreshewa kazi, na kwenye matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 walikuwa na viini 259 vya bati-100, wakapima nusuuhai ya sekunde 1.16 na jinsi inavyooza kwa beta kwa usahihi ambao kwa viini saba ungekuwa ndoto.

Matatizo yapo bado. Hesabu ya matriksi niliyoieleza ni ya daraja la kwanza, ayoni ikienda mbali na katikati ya bomba kunatokea makosa ya daraja la pili, picha inajikunja, na yanasahihishwa na sumaku za ncha sita ambazo nazo zikizidi zinazaa makosa ya daraja la tatu. Alafu kuna upana wa mlango. FRS inapokea ayoni zenye momenta asilimia 1 juu na asilimia 1 chini, na pembe finyu. Kwa vipande vya kumegeka inatosha. Lakini ukitaka viini vyenye nyutroni nyingi unapasua urani, na urani ikipasuka vipande vinarushana kwa nguvu kila upande, wengi hawaingii mlangoni. Nikeli-78 ilipopatikana hapohapo Darmstadt kwa kupasua urani katikati ya miaka ya 1990 viini vilikuwa vitatu. Wajapani wakaliona hilo, BigRIPS yao kule RIKEN iliyoanza 2007 ina sumaku za kipitishi kikuu, yaani umeme unapita bila ukinzani, zenye matundu mapana, inapokea asilimia 3 kila upande, na ni kwenye mashine hiyo nikeli-78 ilikuja kuthibitishwa kuwa ya kimaajabu pande zote mbili, mwaka 2019. Wamarekani wamefungua FRIB pale Michigan mwaka 2022. Na Darmstadt yenyewe inajengwa Super-FRS, tesla-mita 20, asilimia 2.5 kila upande, na matundu mapana ndo yanayofanya makosa ya daraja la pili na la tatu yawe vita kubwa kuliko zamani. Kazi ya optiki imeongezeka, haijapungua.

Mtu akiniuliza urani na nikeli zinamhusu nini, namwambia dhahabu ya Geita ilitengenezwa kwenye nyota kwa kupitia viini vyenye nyutroni nyingi namna hii, na hesabu ya njia ile haikamiliki bila kuvipima hapa duniani.

Sasa jambo la mwisho, na hili nawaomba kwa dhati. Huhitaji kuwa Darmstadt kuanza. Afrika Kusini kwenye iThemba LABS kuna K600, ni spektromita ya sumaku yenye optiki ya ukoo huuhuu, kwa mliopo chuo iangalieni. Na kuna programu inaitwa LISE++, ilitengenezwa na Oleg Tarasov na Daniel Bazin, ni ya bure, inakaa kwenye laptopu ya kawaida kabisa, na mashine nyingi nilizozitaja zimo ndani. Fungueni FRS, wekeni zenoni-124 ya MeV 1000, tageti ya berili, lengeni bati-100. Alafu ondoeni kabari muone sehemu ya mwisho inavyojaa indi na kadimi na fedha. Irudisheni, badilisheni pembe yake kidogokidogo, muangalie doa linavyofunga na kufunguka. Ukishaona pembe ambayo doa linakuwa dogo kuliko zote, chukua kalamu uitafute pembe hiyohiyo kwa matriksi. Mkikwama sehemu yoyote nipo hapa mpaka jioni, aliye na swali anyooshe mkono.